Loice Nyanchoka, Mjane Aliyekuwa na Mume

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye kumenya ndizi aendelee kumenya, bora masikio yawe huku. Ni mimi Nyanchama, bibi yenu wa Jumapili alasiri hapa redioni. Leo tunamkumbuka Loice Nyanchoka wa Kebirigo, mwigizaji. Tulimzika Alhamisi iliyopita. Nasema mapema msije mkashangaa: nilimwonea Loice wivu miaka kumi na minane, na bado sijamaliza.

Loice alikuwa nyota wa kikundi chetu cha maigizo. Kila Agosti, shule zikifungwa, tunatoka Kebirigo tunaenda Nyamira, Kisii mjini, mpaka Tabaka kwa wachonga mawe. Msimu wa mwaka huu una michezo mitano: mitatu ya kusema, miwili ya kuimba. Mkubwa wa yote ni mmoja wa hiyo ya kuimba, "Mjane wa Itumbe". Na Mjane, tangu mchezo uandikwe, ni Loice. Miaka kumi na minane, Mjane ni Loice. Mimi? Mimi nilipewa jirani. Jirani anaingia mara moja, anasema "Pole," anatoka.

Na alikuwa mjane mwenye mume! Mzee Masese alikaa kiti cha mbele kila onyesho, kofia magotini, akimtazama mkewe akimlilia. Siku ya mazishi aliniambia: "Huyu mama amenizika kila Agosti, nami narudi nyumbani kuchuma chai. Mimi sasa, nani alinifundisha kumzika yeye?"

Sikieni kilichoniuma zaidi. Loice hakujua kusoma. Narudia: hakujua kusoma. Mimi nilifika darasa la saba. Kwa hivyo kila neno alilosema jukwaani lilitoka kwanza mdomoni mwangu. Shamba lake la chai na langu yamepakana. Tulichuma mistari miwili inayofuatana, karatasi nimeibana kwenye kikapu. Natamka sentensi, anairudia, mikono inaendelea. Kikapu kikijaa, ukurasa umeingia. Halafu ukumbini watu wanasimama, wanampigia makofi yeye. Mimi niko nyuma ya pazia, nimemshikia koti.

Mwaka mmoja nilishindwa kuvumilia. Mjane alitakiwa amwambie chifu, "Nimekuja mbele yako kwa unyenyekevu." Mimi nikamfundisha aseme, "Chifu, umenenepa." Nilitaka aaibike, basi. Akasema. Ukumbi wa Nyamira ulicheka mpaka aliyecheza chifu akasahau zamu yake. Obwocha, mwelekezi wetu, akaamuru maneno hayo yabaki. Mpaka leo yapo. Tukirudi nyumbani Loice akanigusa kiwiko: "Nyanchama, hayo maneno yako yalikuwa matamu. Huna mengine?"

Alijua! Alijua tangu tukiwa kwenye majani chai, na akayasema vilevile. Utamfanya nini mtu kama huyo?

Kulia ndiko alikotushinda wote. Alifanya mazoezi popote. Binti yake, Phanice, ananiambia: "Tukiwa watoto tulimkuta jikoni analia machozi ya kweli. Tukamuuliza, mama, ni nini? Akasema, mkiona sufuria inachemka, ni maigizo. Mkiona moto umezimika, muiteni baba yenu."

Sasa nafika pale ambapo sikutaka kufika.

Ilikuwa Jumanne ya wiki juzi, saa nne asubuhi. Nilikuwa nachuma. Loice alikuwa upande wake, kule chini karibu na migomba. Nikasikia analia. Sauti moja ndefu, kisha moja fupi. Wachumaji wengine walicheka: "Eh, Agosti imekaribia!" Mimi sikucheka. Mimi niliona wivu. Nikasema moyoni, leo amezidisha, ningekuwa mimi ningeanzia chini halafu nipande. Nikaendelea kuchuma. Wasikilizaji wapendwa, nilisikia, na nikaendelea kuchuma. Mzee Masese ndiye aliyemkuta saa sita, alipompelekea uji.

Daktari alisema ni moyo. Ulisimama mara moja, hata mtu angekuwa kando yake asingeweza kitu. Namshukuru daktari. Lakini yeye hakuwa shambani.

Juzi Obwocha alikuja kwangu, kofia mkononi kama mtu anayeposa. "Omong'ina, bibi yangu," akasema, "maneno yote unayajua wewe. Mjane ni wako."

Miaka kumi na minane nimengoja kuambiwa hivyo. Nikamwambia anipe mpaka Jumatatu. Akanitazama: "Kwani unataka kubembelezwa?"

Ndiyo, nilitaka kubembelezwa kidogo. Lakini pia hakuna mtu wa nyumba ya Loice aliyejua nilichosikia asubuhi ile. Ningevaaje nguo yake kabla hawajajua?

Kwa mzee Masese, kwa Phanice na ndugu zake, kwa ukoo wote: poleni sana. Mungu awashike mkono. Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu ana mtu anayemwonea wivu. Msikatae, nawajua. Siku huyo mtu akipiga ukelele, weka kikapu chini, nenda ukaangalie. Kama ni maigizo, umepoteza dakika tano tu, na umeyaona kutoka karibu kuliko wengine wote.

Phanice, mwanangu, najua redio ya kwenu imewashwa. Nilikuja nyumbani kwenu mara mbili kukwambia haya, mara zote mbili nikaishia kunywa chai na kuondoka. Leo nimekwambia mbele ya kaunti mbili. Obwocha anataka jibu langu kesho, na jibu langu litakuwa lako. Ukisema nicheze, nitacheza, na watu watanilinganisha na mama yako, nao watakuwa na haki. Ukisema hapana, nitakubali.

Nitanuna, lakini nitakubali.