Siku Tulipokataa Kufuta Barua za Odile

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mnaosinzia kule nyuma pia, maana ushuhuda wangu mimi ulianzia usingizini!

Mnanijua. Mimi ni Mama Béatrice wa kwaya, mzaliwa wa Kapata hapa Kolwezi, karani katika ofisi ya malori ya Tata Ramazani kule Dilala. Kazi yangu ni kuwaandikia wateja: lori limeondoka, lori limekwama, lori linakuja. Lakini ndani ya kompyuta hiyo ya ofisi kulikuwa na kitu changu mwenyewe. Mdogo wangu Odile alipokuwa akipika katika kambi ya mgodi Fungurume, alikuwa akiniandikia pale kila jioni, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa. Kisha akaugua, akatutoka, akaniachia binti yake Grâce akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Grâce haikumbuki sauti ya mama yake. Kwa hiyo tulijiwekea desturi: Jumamosi mchana, ofisi ikishafungwa, anakuja, tunafungua programu ya barua-pepe, namsomea barua moja. Moja tu, zisije zikaisha haraka. Ni barua za kawaida kabisa, bukari, ugali wetu, iliyoungua, viatu vilivyopotea, mpishi mwenzake anayeimba vibaya. Grâce hufumba macho akisikiliza, na mimi husoma taratibu, hata wakati mwingine nasahau mwaka tulio nao. Na barua hizo, ndugu zangu, hazikuwa mahali pengine popote! Sanduku la zamani kwenye mtandao lilishafungwa. Zilikuwa zimebaki katika faili moja tu ndani ya mashine ile.

Basi, asubuhi moja umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, umeme ukarudi, ukakatika tena. Mnaijua wenyewe Kolwezi yetu. Kompyuta ilizimika katikati ya kupokea barua. Nilipoiwasha, programu ilikataa kufunguka, ikaandika kwa Kifaransa kwamba profaili imeharibika na faili la data halisomeki. Niliona Odile anakufa mara ya pili!

Nilikemea. Msicheke! Niliweka mkono juu ya kompyuta, nikakemea kila pepo wa uharibifu, nikapaka na mafuta ya upako kwenye kona ya skrini. Skrini ilibaki vilevile, ila ikawa inateleza.

Nikamwita Tata Célestin, fundi wa kompyuta. Akaitazama, akatikisa kichwa. «Mama, hii profil inakufa. Tufute byote, tuanze mupya. Patron anangoya barua yake.» Na kweli Tata Ramazani alikuwa amesimama mlangoni, roho juu, malori yake yanasubiri. Nikakubali! Sisi tuliookoka tumezoea hivyo: mtu akimpokea Yesu tunamchomea hirizi uani, tunashangilia moshi unavyopanda. Kichwani mwangu kila cha zamani kilichoharibika dawa yake ilikuwa moto. Nikajiambia ni mapenzi ya Mungu, huku moyo unalia.

Lakini kabla Célestin hajagusa kitu, umeme ukaondoka tena. Haleluya! Jenereta nayo ikakataa kuwaka, tukakaa kusubiri. Joto la mchana lilikuwa limejaa ofisini, nikalaza kichwa mezani, usingizi ukanichukua.

Nikaota niko Kapata, nyuma ya nyumba zetu za kampuni, kwenye mlima wa udongo ambao baba zetu waliutupa wakitoa madini. Odile anatembea juu yake pekupeku, miguu yake kijani kwa vumbi la shaba. Anachota udongo kwa viganja, anautia katika beseni, anarudi kuchota tena. Mlima haupungui, beseni halijai, na yeye hana haraka hata kidogo. Nilitaka kumuuliza kama amekula. Jenereta ikanguruma, nikaamka na machozi mezani.

Ndugu zangu, nani hapa hajui habari ya udongo ule? Wazee waliuita takataka. Leo watu wanauchimba upya, wanauosha, na shaba imo! Nikasimama. «Tata, hapana kufuta kitu! Ile udongo tuichunge kwanza!»

Célestin alinitazama kama nimelewa. Nikamweleza ndoto, nikamweleza Odile na Grâce. Akajibu: «Bon, Mama. Twende polepole.» Tata Ramazani, ambaye haombi kama sisi lakini amezika ndugu zake kama sisi, akavuta kiti, akakaa.

Tukaenda polepole. Tulifunga programu kabisa. Tukalitafuta faili la data, tukalinakili kwenye diski ya nje, na lile la asili hatukuligusa tena. Célestin akaendesha zana ya kurekebisha juu ya nakala. Nilikodolea macho ule mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia ukisogea, nikaomba bila sauti. Kisha akaunda profaili mpya kando ya ile iliyokufa, akaingiza anwani ya ofisi, na barua za wateja zikaanza kuingia. Tata Ramazani akasema Alhamdulilahi. Mwisho, ndani ya profaili hiyo mpya, tukaifungua ile nakala iliyorekebishwa.

Odile alikuwemo! Niliimba mpaka madereva wakaja kuchungulia dirishani! Profaili ya zamani tuliiondoa baadaye, baada ya kukagua kila folda, na nakala ninayo kabatini hadi leo.

Jumamosi Grâce akaja. Ile zana ilikuwa imeokota barua zilizotawanyika, ikaziweka katika folda ya peke yake. Moja haikuwa na tarehe, hivyo ilikaa juu kabisa, mahali pa barua iliyofika sasa hivi. Sikukumbuka kuwahi kuiona. Nikamsomea: «Yaya, minafika muzuri. Huku mvula inanyesha. Umwambie mutoto minafika.»

Grâce hakufumbua macho. «Mama mukubwa,» akasema, «basi uniambie.»

Nikamwambia kwamba mama yake amefika salama.

Asante, Mungu wangu, asante! Na wewe uliyekaa hapa na kitu kilichoharibika mikononi, usikifute leo. Kihifadhi, kisha umkabidhi Yeye. Alitufanya kwa udongo, ndugu zangu, na udongo wake hautupi. Semeni Amina, nami nikakae.