Kizunguzungu cha Mzee Ngassa

Treni ilipotoka Tabora kuelekea Usoke, mzee mmoja, jina lake Ngassa, alimwambia nesi aliyeketi karibu naye kwamba ukweni kwa binti yake wanamwita mlevi. Kwenye harusi ya huyo binti, Doto, alisimama ili amuusie, akaangukia meza ya wakwe.

"Ulikuwa umekunywa, baba?" nesi akauliza.

"Vidonge vya presha tu. Viwili badala ya kimoja. Nilitaka siku ile niwe mzima kabisa."

Mimi, niliyeketi mkabala nao, nilijifanya nasoma tiketi yangu, ingawa haina maneno mengi.

"Mtu akisimama, damu hushukia miguuni," nesi alieleza. "Mishipa ya shingoni huhisi presha imepungua, huujulisha ubongo, basi moyo huongeza mapigo na mishipa hujikaza. Vile vidonge viliizidi nguvu mishipa yako, damu ikachelewa kufika kichwani, ukaanguka. Mwambie binti yako hivyo."

"Nijitangaze mgonjwa mbele ya wakwe? Heri waseme nilikunywa."

"Na Doto aseme nini?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Wifi zake wanamcheka. Na mimi nimenyamaza, mwezi wa pili huu." Sauti yake ilikuwa ndogo mno, nikaona haya kuisikia.

Treni ikasimama Usoke. Msichana mwenye kitenge alikuwa akichungulia dirisha moja baada ya jingine.

"Doto yule pale," mzee alimwambia nesi. "Mwanangu, nakuomba, mwambie wewe."

"Habari za mishipa nitamweleza, baba. Za kunyamaza utamweleza mwenyewe."