Rozalia, Mke wa Martini, na Chumvi ya Majivu

Rozalia binti Leonardi alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 huko Baraka, ng'ambo ya ziwa, mtoto wa nne wa mvuvi. Alisoma misheni hadi darasa la sita. Alikuwa akitoroka ibada kwenda kuogelea, na kusema kweli hakuwahi kulitubu hilo.

Mwaka 1972 alifunga ndoa na Martini, fundi cherehani. Alianika na kuuza dagaa hadi Novemba 1996, vita ilipowavusha kwa mtumbwi hadi Kigoma, yeye akiwa amekipakata kichwa cha cherehani cha mumewe. Waliishi katika kambi ya wakimbizi ya Lugufu, kisha wakaruhusiwa kupanga chumba Gungu, mjini Kigoma, kwa ajili ya matibabu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 1998. Daktari alieleza kuwa zimechoka: haziwezi tena kutoa uchafu unaobaki mwilini mtu akila samaki na maharage, wala kusawazisha madini katika damu. Dagaa apunguze, chumvi aache, maji anywe kwa kipimo. Jamani, mtu wa ziwani kupimiwa maji! Kila asubuhi alisimulia ndoto ileile: anatembea chini ya ziwa, kumetulia, kuna mwanga, anakunywa na ziwa halipungui.

Martini alimwonea huruma kwa chakula kile cha chukuchuku. Akafanya walivyofanya mama zao: akachoma maganda ya ndizi, akachuja majivu, akapikia mboga maji yake. "Kula, Mama Shukrani. Hii si chumvi, ni majivu tu." Kumbe majivu yale yamejaa potasiamu, madini yaleyale ambayo figo zake zilishindwa kuyatoa. Juni 1999 moyo wake ulikaribia kusimama. Alipata nafuu, lakini Martini hakugusa sufuria tena. Majirani nao wakaanza: lisemwalo lipo, mzee amemlisha mkewe sumu.

Alifariki tarehe 14 Agosti 1999, figo zikiwa zimekufa kabisa. Siku mbili kabla, alimwita binti yake Shukrani. "Andika, ukasome kaburini, wasikie wote. Baba yako hakuniua, figo ndizo zimeniua. Na ile mboga ilikuwa tamu. Mwambie asijifiche nyuma ya watu."

Ameacha mume, watoto wawili, Shukrani na Gideon, na wajukuu watano.

Mama, pumzika kwa amani. Kunywa sasa, hakuna anayekupimia.

Na wewe Baba, popote ulipojibanza, njoo mbele. Udongo wa kwanza ni wako.