Majibu Aliyopewa Muuguzi kwa Niaba ya Balthazar Cirhuza

Wachungaji, wazee wa kamati, ndugu, majirani na ninyi nyote mliofika hapa Rooty Hill kumsindikiza Papa Balthazar, familia imemchagua binti yake wa kwanza, Ange, awasomee historia ya maisha yake, naye ameiandika akijitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, kwa sababu baadhi ya yaliyomo yanamhusu yeye na hayampi sifa.

Marehemu Balthazar Cirhuza alizaliwa tarehe 6 Januari 1961 huko Nyangezi, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu kati ya saba, siku ambayo kanisa huwakumbuka wafalme watatu, Balthazar akiwa mmoja wao, kwa hiyo padri aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina. Alisoma shule ya msingi papo hapo Nyangezi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaenda Bukavu kujifunza useremala, akahitimu mwaka 1978, na mwaka 1984 akafungua karakana yake mwenyewe Kadutu, humohumo Bukavu, akitengeneza vitanda, makabati na milango. Tangu ujana alikuwa mtu mwepesi wa kuona kinyaa, ubao mbichi, gundi iliyomwagika, droo inayokwama, vyote vilimchefua kabisa, na wateja walizoea kumwona akiisukuma kazi ya fundi mwingine kwa ncha ya kiatu.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Mama Faida, ambaye ndiye mjane wa leo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ange aliyezaliwa mwaka 1991, Bruno mwaka 1994 na Nsimire mwaka 1999. Mwezi Juni 2004, mapigano yalipoingia Bukavu, familia iliiacha karakana na kila kilichokuwamo, ikaishi Kampala miaka saba, kisha tarehe 17 Novemba 2011 ikapokelewa hapa Sydney, Australia, na tangu Machi 2012 marehemu alifanya kazi Ingleburn kwenye karakana ya mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kuwekea mizigo. Mtu aliyewahi kuchonga vitanda vya maharusi alipigilia misumari kwenye mbao hizo kwa miaka tisa, alizichukia waziwazi, lakini hakukosa kazini isipokuwa siku mbili, zote za mazishi.

Ijumaa tarehe 23 Julai 2021, saa kumi na moja alfajiri, akinyoa ndevu kabla ya kwenda kazini, wembe ulimdondoka, mdomo ukaenda upande, na upande wote wa kulia ukafa ganzi. Gari la wagonjwa lilifika upesi, akalazwa kwa kiharusi, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa kufungiwa ndani kwa sababu ya korona, hakuna aliyeruhusiwa kumwona kwa wiki sita, familia ilimwona kwenye simu tu, kichwa kikiwa kimeegemea mto, mate yakimtoka, naye akigeuza uso kila alipojiona kwenye kioo cha simu. Alikuwa akijionea kinyaa, na Ange aliliona hilo tangu siku ya kwanza.

Alirudishwa nyumbani Ijumaa tarehe 3 Septemba na karatasi ya mazoezi, aminye mpira kwa mkono wa kulia, ainuke kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, ale kwa mkono wake hata kama atachafuka. Mwezi wa kwanza alifanya yote hayo kwa hasira, na mkono ulianza kurudi, aliweza kushika kikombe. Baadaye, polepole, aliacha, mpira ukabaki chini ya kitanda, akawa halali usiku, haogi mpaka abembelezwe, haulizi habari za mtu, na Mama Faida, ambaye asingestahimili kusikia kwamba mume wake mgonjwa anaachwa ajilishe mwenyewe, akachukua kijiko akamlisha kama mtoto.

Mwezi Oktoba milango ilipofunguliwa, watu wa jumuiya walikuja, na familia inawashukuru kwa kuja, ila historia hii haitasema kwamba kila kilichofanyika kilikuwa chema. Mliingia chumbani watu kumi kwa mara moja, mkamzunguka, mkamwambia, Papa, inua mukono tuone, mkono ulipoinuka kidogo mkashangilia, na Mama Verdiane, ambaye yumo humu na ameambiwa kwamba jina lake litatajwa, akachukua video ya mdomo ule uliopinda, akaituma kwenye kundi la kanisa kama ushuhuda, nayo kabla ya jioni ilikuwa imefika Bukavu, Norway na Arizona. Mkono ulipokataa kuinuka mlisema ni roho ya uvivu, mkapiga kelele ya maombi juu ya mtu ambaye hata redio alikuwa hawezi kuivumilia. Marehemu alifumba macho mpaka mlipoondoka, kisha akatapika chai yote aliyokunywa, na Ange akafuta sakafu.

Hata hivyo, kosa kubwa halikufanywa na wageni. Jumatano tarehe 20 Oktoba muuguzi wa hospitali alipiga simu kumjulia hali, akasema ana maswali kuhusu moyo wa mgonjwa, si mwili peke yake, na kwamba ataunganisha mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Familia ilikataa. Mnajua sababu bila kuelezwa, kwa maana sisi Wakongo wa Sydney ni wachache na tunajuana, mkalimani angeweza kuwa mke wa mtu fulani wa mtaa wa Bankstown au shemeji wa mtu wa kwaya, na kabla ya wiki kuisha kila mtu angejua kwamba Papa Balthazar analia. Mama Faida alitikisa kichwa, Bruno akaafiki, na Ange, mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote, akaambiwa atafsiri yeye.

Muuguzi aliuliza kama mgonjwa bado anafurahia chochote, kama anakula, kama anaona sababu ya kuendelea kuishi. Marehemu, kwa ulimi ule mzito, akajibu taratibu ili asikike vizuri: umuambie nimechoka, sioni tena juu ya nini niamuke, na huu mwili unanichukiza. Ange aliyasikia maneno hayo yote, akashika simu, akamwambia muuguzi kwa Kiingereza kwamba baba anaendelea vizuri, amechoka kidogo tu, lakini ana imani kubwa. Mtoto atamwambiaje mgeni kwamba baba yake hataki kuishi, ndivyo alivyojitetea moyoni, na muuguzi akashukuru, akaandika kwamba hakuna tatizo, akasema atapiga tena baada ya miezi mitatu. Marehemu hakujua Kiingereza kingi, ila miaka tisa ya Ingleburn ilimtosha kuelewa jibu lile, alimtazama binti yake mara moja, kisha akageukia ukutani.

Akabaki ameugeukia ukuta huo Novemba na Desemba, sikukuu ya Noeli hakutoka chumbani, na uzito wake ulishuka kilo kumi na moja. Jumatatu tarehe 17 Januari 2022, Ange akiwa kwenye maegesho ya kituo cha wazee anakofanya kazi, alimpigia muuguzi yule, akakiri kwamba alimdanganya, akalia kwa aibu, na muuguzi hakumkaripia. Kesho yake muuguzi alimtafuta mkalimani wa Melbourne, mwanamke asiyemjua yeyote kati yetu, akamwunganisha na marehemu kwa simu, mlango ukafungwa, na mazungumzo yakachukua dakika arobaini, ambazo familia yake ilizitumia jikoni ikingoja mlango ufunguliwe.

Muuguzi alimpeleka kwa daktari, naye daktari alieleza kwamba ile haikuwa uvivu wala upungufu wa imani, kwamba kiharusi huumiza hata ile sehemu ya ubongo inayompa mtu hamu, kwamba ugonjwa huo unaitwa sonona, unawapata wengi waliougua kama yeye, na una dawa. Alianza dawa tarehe 24 Januari, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaanza kuja nyumbani kila Alhamisi. Katikati ya Februari aliomba atolewe chumbani apelekwe sebuleni, akaitazama meza mpya ambayo Bruno aliinunua dukani, akaigonga kwa vidole vya mkono wa kulia, akasema kwamba hata mbwa angeona haya kulala chini ya takataka ile, na Mama Faida akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu ilikuwa miezi mitano hajamsikia akitukana kitu. Siku hiyo alikula mwenyewe, wali ukamwagika, na hakuna aliyemshikia kijiko.

Jumapili tarehe 27 Februari kiharusi cha pili kilimjia, kikali kuliko cha kwanza, na Jumanne tarehe 1 Machi 2022, saa kumi na dakika kumi alasiri, Papa Balthazar alifariki hospitalini akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mkewe na watoto wake wote watatu wakiwa kando yake. Daktari alisema kiharusi hicho kingeweza kuja kwa vyovyote, na familia inamwamini, lakini miezi mitatu ya ukutani haikupaswa kuwapo, na hiyo haikuletwa na kiharusi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyepiga simu mara mbili, inamshukuru mkalimani wa Melbourne ambaye haimjui kwa jina, majirani wa mtaani waliokuwa wakituachia mboga mlangoni wakati wa kufungiwa, wenzake wa karakana ya Ingleburn waliosimama leo nje kwa sare zao, na akina mama wa jumuiya, Mama Verdiane akiwa wa kwanza, waliopika tangu Jumanne bila kulala.

Juzi maandishi haya yalipelekwa kwenye kamati ya jumuiya kama ilivyo desturi yetu, na Mzee Aloys, mwenyekiti, akayarudisha kwa heshima yakiwa yamekatwa mistari mingi, mahali pake pameandikwa kwamba marehemu aliupokea ugonjwa kwa furaha hadi mwisho. Mzee Aloys, tusamehe, Ange amewahi kutoa jibu la namna hiyo mara moja, kwenye simu, na halirudii. Papa Balthazar aliulizwa, akasema amechoka, hakuona sababu ya kuamka, na mwili wake ulimchukiza. Papa, leo nimeyafikisha kama ulivyoyasema, lala salama.