Shikamoo Niliyokatazwa Kwenye Televisheni

Akina mama wenzangu, na nyie mabinti mliokaa pale dirishani, habari za mchana. Naona fomu za lile shindano la wafanyabiashara la kwenye televisheni zimeshagawiwa, na wengine mmeshaanza kujaza. Mwenyekiti ameniomba nisimame niwatie moyo, maana mimi nimeshapita humo, nieleze nilijifunza nini kuhusu uongozi na adabu za biashara. Haya, nitaeleza. Ila kalamu ziwekeni chini kwanza, na mwenyekiti anisamehe, kwa sababu nimekuja na hasira zangu.

Mnajua nauza nini. Zipu, vifungo, uzi, bitana, kwenye kafremu kangu ka mtaa wa ndani pale Kariakoo. Fundi anakuja na kipande cha kitambaa, anataka zipu ya rangi ileile. Hakuna mtu mtaa ule mwenye rangi zote, hayupo. Kama huna, unamshika mteja mkono unampeleka kwa jirani, na kesho jirani anakuletea wako. Kazi hiyo nilifundishwa na dada mmoja wa fremu ya pili kutoka kwangu, ananizidi umri kama miaka kumi. Nilifika pale sijui hata zipu ya suruali na zipu ya gauni zinatofautianaje. Jina simtaji, ingawa mlioangalia televisheni mnamjua. Na fomu ya shindano ni yeye aliyenichukulia. Alisema, "Mdogo wangu, tujaribu wote. Akipata mmoja, tumepata wawili."

Tukachaguliwa wote, tukawekwa nyumba moja na washindani wengine. Wiki ya kwanza wakatuletea mwalimu wa adabu za biashara, kijana wa suti ya buluu na viatu vilivyochongoka. Akatufundisha kushikana mikono kwa nguvu, kumtazama mtu machoni, kutaja jina lako kabla hujaulizwa. Sawa, sina ugomvi na hayo. Halafu akasema, "Shikamoo iacheni nyumbani. Kwenye biashara shikamoo inakushusha, unaanza mazungumzo ukiwa chini." Ndugu zangu, nawaambia, mtu mzima mimi, nimelelewa Ilala na mama aliyekuwa anafinya masikio, nikakubali na kuandika kwenye daftari! Asubuhi yake dada akatoka chumbani, badala ya kumwamkia nikamnyooshea mkono na kumwita kwa jina lake kavu. Akautazama ule mkono. Akaniuliza, "Mwenzangu, umeamka salama kweli?"

Mnacheka. Ngojeni.

Wiki ya tatu tukagawanywa makundi mawili, kila kundi likapewa mzigo wa mashati ya kuuza siku moja palepale Kariakoo. Kundi likishindwa, mmoja wao anatolewa. Kiongozi wa kundi letu nilikuwa mimi. Mchana akaja mama wa kwaya, anataka mashati ya buluu ya watu wazima, na sisi buluu tulikuwa na saizi ndogo tu. Mdomo ukaniponyoka, mazoea ya kazi hayo, nikamwambia dada, "Mpeleke kwa wale wenzetu, kubwa wanazo." Akampeleka. Wale wakamuuzia mama mashati ya kwaya nzima, na sisi tukashindwa.

Jioni tukasimamishwa mbele ya majaji. Jaji mkuu akauliza, "Nani alimpeleka mteja kwa wapinzani?" Mataa yanatuchoma usoni, kamera huku na huku, na zawadi ya mshindi ilikuwa fremu kubwa ya barabarani ambayo mimi nilikuwa nimeshaipaka rangi kichwani. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Ni huyu."

Dada alijibu palepale, kwa sauti ya kusikika, "Lakini wewe ndiye uliyeniambia nimpeleke." Hayo maneno nyie hamkuyasikia. Waliyakata! Mlichoonyeshwa ni kidole changu, halafu yeye anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Majaji wakanipigia makofi. Eti, "Huyu ndiye kiongozi. Kiongozi hana rafiki." Na kumpeleka mteja kwa jirani kukaitwa udhaifu. Jamani! Watu wamesoma, wamevaa wakapendeza, wanakaa kitako kuitangazia nchi nzima kwamba kumsaidia mteja apate anachotaka ni udhaifu! Ile hasira haijanitoka mpaka leo, na zaidi ya nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe, maana makofi yale niliyapokea nikitabasamu.

Dada akafungasha akaondoka. Wiki mbili baadaye kijana mmoja niliyekuwa nakula naye sahani moja akaninyooshea kidole vilevile, nikatoka na mimi. Ningemtukana kwa lipi? Kajifunza kwangu.

Nikarudi Kariakoo nikitegemea watu waniombe picha. Loh! Nageuka kona ya kwanza tu, msukuma mkokoteni ananiona, anaacha mzigo wa watu katikati ya njia, ananinyooshea kidole: "Ni huyuuu!" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Ikawa ndiyo salamu yangu. Na mimi nilikasirika, nikaona wivu tu unawasumbua.

Kisha kazi ikakauka. Fundi anataka zipu ya kijani, mimi sina, naenda kwa jirani, naiona inaning'inia, ananiambia, "Imeisha." Imeisha wakati inanipepea usoni! Wateja wa kuletewa ndio basi tena. Nikamuuliza jirani mmoja kulikoni, akanijibu bila kuinua macho, "Si mlisema ni udhaifu?" Nikabaki nauza sindano na uzi mweusi. Mwanangu karudishwa nyumbani kwa kukosa ada, pango limenifika shingoni. Nikaenda Mchikichini kutafuta meza nikauze mitumba, mahali nisipojulikana. Mama niliyemkuta pale akanikodolea macho, akamwita shoga yake. Mnajua alimwambiaje. Nilirudi nimeamua mwisho wa mwezi narudisha ufunguo wa fremu.

Sasa sikilizeni hapa. Siku moja naona dada anakuja, kamshika mkono fundi mmoja mwanamke, na yule fundi anakaribia kulia. Gauni la bibi harusi, rangi ya zambarau, harusi kesho, na ile zipu ndefu ya kujificha imekatikia mkononi. Kazunguka mtaa mzima hakuna. Dada akasimama mlangoni kwangu, hata ndani hakuingia. Akamwambia fundi, "Anayo huyu. Kule juu, kwenye boksi la pili." Boksi lenyewe alilipanga yeye, siku nafungua fremu. Akageuka akaenda zake.

Nilimuuzia yule mama zipu yake, halafu nikamkimbilia dada. Nikamkuta nyuma ya marobota. Nikasema, "Dada, nisamehe."

Akasema, "Hapa? Kunisema ulinisema nchi nzima inatazama, msamaha unaniletea nyuma ya marobota?"

"Sasa mbona umeniletea mteja?"

"Ubaya ni wako. Bibi harusi kanikosea nini?"

Akaniambia, "Wateja nitakuletea, na wewe utaniletea, ndiyo kazi yetu. Ila salamu yako sitaitikia mpaka useme mbele za watu kwamba ulidanganya."

Ndugu zangu, pale ndipo nilipofumbuka macho. Nyumba ile yenye majaji na mataa hakunifundisha mtu uongozi. Kiongozi nilikuwa naye fremu ya pili miaka yote, na hakuwa na haja ya kunipenda ili atende haki. Kuanzia siku ile nikaanza kupeleka wateja, hata kwa wale wasiotaka kuniona. Naingia, namkabidhi mteja, natoka kimya. Majirani walipoona dada ananiletea, na wao taratibu wakaanza. Fremu ikasimama tena. Mtoto yuko shule.

Lakini mwaka mzima kila asubuhi napita kwake nasema shikamoo, na kila asubuhi anaendelea kupanga vifungo vyake. Haki yake. Mimi ndiye niliyekuwa mwoga, nasubiri asahau. Mtu hasahau jambo kama lile.

Nawashukuru nyinyi wa kikundi, mliacha jina langu kwenye orodha nilipokuwa naona aibu kuja. Namshukuru fundi wa gauni la zambarau, ananiletea mafundi wenzake mpaka leo. Na nyie mabinti, fomu jazeni mkitaka, siwazuii. Ila mkifika huko mkaambiwa adabu ya mama yako inakushusha, jiulizeni anayesema hivyo anauza nini, na kesho ukikosa zipu atakupeleka kwa nani.

Sasa nimalize nililoogopa. Dada yuko humu, pale nyuma karibu na feni. Watu wote sikieni: mama wa kwaya nilisema mimi apelekwe. Ulikuwa uamuzi mzuri, nikauogopa, nikamtwika yeye, akatolewa kwa uongo wangu. Wale waliokata maneno yake walimkosea, lakini mwongo nilikuwa mimi.

Shikamoo, dada.

Nyamazeni kidogo jamani, zimeni hiyo feni.

Shikamoo, dada.

Eeh! Mmesikia? Ameitikia. Amenuna, lakini ameitikia.