Sufuria ya Rakeli Mukabutera

Rakeli Mukabutera alizaliwa tarehe 3 Juni 1960 huko Bijombo, kwenye milima ya juu ya Uvira, siku ileile ng'ombe wa baba, yule mwenye baka jeupe, alipozaa. Dada yake Spés, aliyeandika haya, alikuwa na miaka minne na anaikumbuka siku hiyo. Atakayebisha alete mwingine aliyekuwepo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni mpaka mwaka wa tano. Spés alimaliza wa sita, na cheti anacho. Lakini kwa kuhesabu Rakeli alimshinda kila mtu: ng'ombe wakirudi jioni, aliwatupia jicho mara moja tu na kusema, "Baba, mmoja hayuko." Na kweli hayuko.

Tarehe 9 Agosti 1980 aliolewa na Donati Ngarambe, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Siku ya kumsindikiza, mama yao alimpa sufuria ya aluminiamu, ya kupikia maharagwe ya watu ishirini. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ndahiro, Umuhoza na Elisée.

Oktoba 1996 vita viliwafukuza. Rakeli alishuka mlima akiwa na Elisée mgongoni na sufuria kichwani, imejaa unga na nguo. Mkono mmoja ulishikilia sufuria, wa pili ulibeba furushi. Umuhoza, mtoto wa miaka sita, alishika pindo la kikwembe cha mama yake. Njia ilikuwa utelezi, watu wakisukumana. Walipofika chini, kikwembe hakikuwa na mtu. Walimtafuta siku nne. Hajaonekana hata leo.

Waliishi kambini Burundi, na Donati akafia huko mwaka 2005. Februari 2010 Rakeli alifika Buffalo na wanawe, akafua mashuka ya hoteli. Theluji aliipenda. Alisema, "Hapa mtu akipita, alama inabaki." Mwaka 2013 walihamia Columbus, karibu na Morse Road, akatunza wazee waliomwita Rachel. "Miye ni Rakeli," aliwajibu. "Huyo Rachel akifika nitawaambia." Mwaka 2017 walikuja hapa Louisville, mtaa wa Iroquois, akafunga maboksi ghalani pamoja na Ndahiro.

Mkubwa wa Ndahiro kazini, Bwana Hollis, ni mmoja wa wale ambao siku za mapumziko huvaa kama askari wa vita vya Marekani vya miaka ya 1860 na kuvipigana upya, bunduki zikiwa na baruti bila risasi. Oktoba 2018 aliwaalika kutazama pigano la mwaka 1862 lililopita katika kijiji kimoja cha Kentucky, na Spés akaja kutoka Columbus anakoishi. Moshi ulitanda, watu wakaanguka, kisha waliokufa wakaamka wakaenda kula soseji. Sisi tulicheka. Rakeli alikuwa anahesabu.

"Bwana Hollis, kile kijiji kilikuwa na watu?"

"Walikuwepo, mama."

"Walipitia wapi?"

Bwana Hollis alimweleza kwamba kila kitu pale ni kama zamani: vifungo vya sare wamevihesabu, uzi wameupima. Ndahiro alitafsiri huku uso ameuinamisha.

"Bon, sawa. Vifungo mumehesabu. Na wenye kukimbia, nani aliwahesabu?"

"Mama, acha. Watu wako kwa muchezo wao."

"Na miye niko kwa swali yangu."

Rakeli aliomba yeye na wamama wenzake wa Kongo waingie mchezoni kama wakimbizi wa kijiji, yeye na sufuria yake kichwani. Kamati yao ilibishana majira yote ya baridi. Mmoja alisema hakuna karatasi inayoonyesha hao wakimbizi. Mwingine akasema wamama wa Kongo hawakuwa Kentucky. Wa tatu, mkaguzi wao, aliikataa sufuria: mwaka 1862 hakukuwa na sufuria za namna hiyo. Akaleta ya chuma. Rakeli aliinyanyua, akaiweka chini. "Hii ni ya kukaa nyumbani. Mwenye kukimbia na hii hafiki."

Ndipo Bwana Hollis alipowaambia kwamba bibi wa bibi yake alikimbia kijiji hichohicho na blanketi na kuku mmoja, na katika miaka ishirini na mbili ya mchezo hajawahi kumtafutia nafasi. Wakakubali wamama wavuke barabara kabla ya bunduki kulia, ila sufuria ifichwe ndani ya blanketi la kijivu.

"Ifunikeni," Rakeli alisema. "Miye najua iko."

Naye akawa mkaguzi. Alifungua kila furushi. Katika la dada yake alikuta mto. "Spés! Unakimbia ao unaenda kulala?" Akautoa, akatia mawe. Sheria yake ilikuwa moja: mzigo kichwani, mkono mmoja ushike mtoto. Asiyeshika mtu alirudishwa mwanzo. Wa nyumbani tulijua sababu. Alivuka hivyo mara tano, kuanzia 2019 hadi 2024, ukiacha mwaka wa korona.

Desemba 2024 figo zilianza kukataa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hakuwahi kuchelewa. Mjukuu wake Umuhoza, aliyepewa jina la yule aliyepotea, amezoea kutujibu kwa Kiingereza. Siku moja alimuuliza bibi yake kitandani, kwa Kiswahili:

"Koko, sufuria nani atabeba?"

"Wewe."

"Ni nzito?"

"Nzito. Ndiyo maana inakaa kichwani. Mkono ubaki."

Alifariki tarehe 6 Julai 2025, saa nane mchana. Ndahiro alishika mkono mmoja, Elisée wa pili. Sufuria haizikwi naye. Oktoba inavuka barabara tena, ndani ya blanketi, kama kamati inavyotaka.

Ameacha wana wawili, Ndahiro na Elisée, wakwe wawili, wajukuu saba, na dada yake Spés. Ameacha pia binti mmoja, Umuhoza. Tuliulizwa tumwandike upande gani. Ameandikwa hapa, pamoja na walio hai, kwa kuwa mama yake hakumhesabu kwingine hata siku moja.

Tua mzigo sasa, Rakeli. Pumzika kwa amani. Tunaobaki tumeshikana mikono.