Nilimwandika Baba Yangu Kuwa Marehemu

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu, ambaye hakunichoka. Mimi ni mzee sasa, na wengi hapa mnanijua kama mwalimu mstaafu. Leo nataka mnijue kama mtu aliyemuua baba yake kwa kalamu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni hapa Nyeri, na mwalimu mkuu alituletea fomu za wanaotaka kufundishwa uofisa wa jeshi. Nilikuwa mkimbiaji mzuri, hesabu nilizijua, na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha. Nilijaza fomu ile kwa mwandiko safi mpaka nikafika mahali pa kazi ya baba.

Baba yangu, Wachira, alikuwa mpishi katika kambi ya jeshi kule Nanyuki. Mnajua vile sisi Wakikuyu tulivyomwona mwanamume anayeshinda jikoni. Shuleni wavulana walikuwa wakiniuliza, "Wewe, baba yako akija likizo anafunga leso?" Nilicheka pamoja nao, lakini iliniuma. Nikaandika: Marehemu. Alikuwa mwalimu.

Ndugu zangu, shetani hakunishika mkono. Niliandika mwenyewe.

Tuliambiwa mahojiano yatakuwa Nyeri mjini. Lakini asubuhi ya mahojiano tukapakiwa kwenye lori la jeshi, tukapelekwa Nanyuki. Nilijipa moyo kwamba kambi ni kubwa, sitakutana na baba. Saa nne nilikuwa nimesimama mbele ya maofisa watatu, na meja aliyekuwa katikati akasoma fomu yangu, akasema, "Pole kwa kumpoteza baba. Alifariki lini?"

Mlango ukafunguliwa, baba akaingia na sinia ya chai.

Nikajibu, "Nikiwa mdogo, afande."

Baba alimimina chai kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakumwaga hata tone. Meja akatazama karatasi, akamtazama yeye. "Mzee Wachira, huyu kijana baba yake aliitwa jina kama lako. Si wa kwenu?"

"Majina yetu ni yale yale, afande," baba akasema. "Ukiita Wachira hapa, nusu ya jikoni itaitika."

Maofisa wakacheka. Baba akanigeukia. "Pole, kijana," akasema, akatoka na sinia yake.

Nilichaguliwa. Barua ilikuja nyumbani, na ndani yake karatasi ya kutiwa sahihi na mlezi wangu. Baba alikuwa likizo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini mbele yake nilisema tu kwamba nasafiri na naomba baraka. Kwetu mtoto hafungi safari kubwa kabla mzazi hajamtemea mate kidogo viganjani na kumwombea. Baba alikuwa akinoa panga. Hakuinua kichwa.

"Mimi si nilizikwa? Maiti hatemi mate. Tafuta mtu aliye hai."

Nikakimbilia kwa ndugu yake, baba yangu mdogo, anitilie sahihi kama mlezi. Akanirudishia karatasi. "Nikitia kidole hapa, nimekubali ndugu yangu amekufa. Ondoka na huo msiba wako."

Siku tatu sikula vizuri. Jumapili nikaenda kanisani Ruring'u, nikakaa nyuma kabisa. Mhubiri alisoma ile amri ya kumheshimu baba na mama. Nilikuwa nimeikariri tangu nikiwa mdogo, ila siku hiyo ilinisimamia mbele kama askari. Nikapiga magoti nikasema, "Bwana, nikisema ukweli nitakosa kazi. Nisiposema nitakosa baba." Sikusikia sauti. Nilipoinuka tu, nilijua nitakwenda kwa meja kusema ukweli, na hofu ilikuwa imeniacha. Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu.

Kesho yake nilisimama tena mbele ya yule meja kule Nanyuki. Nikamwambia, "Afande, mzee aliyewaletea chai ndiye baba yangu."

Akaitafuta fomu yangu, akaiweka mezani. Kisha akasema, "Kijana, una miguu na una akili. Lakini nikikupa watu thelathini, nitajuaje ripoti yako ni ya kweli?" Akachukua kalamu, akakata jina langu. Sikumlaumu siku ile, simlaumu leo.

Baba alikuwa amerudi kazini. Nilimkuta nyuma ya jiko, aproni kiunoni, akimenya viazi. Nikapiga magoti kwenye maganda mbele ya wenzake, nikamwambia yote.

"Kwa hivyo umekosa jeshi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na unakwenda wapi sasa?"

"Sijui."

"Lete mikono."

Akanitemea mate viganjani, akaomba mpaka mpishi mmoja akamkumbusha kwamba sufuria inaungua.

Nimefundisha miaka mingi tangu hapo. Nikiona gwaride bado najuta, sitawadanganya. Nafasi ile niliiharibu mwenyewe. Lakini baba aliishi miaka mingi, na kila mgeni aliyekuja darasani kwangu alisikia kwamba baba yangu ni mpishi.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia mzazi niliyemzika akiwa hai. Na wewe uliyeketi hapa na uongo ulioandika mahali, mwamini huyu Bwana. Inuka leo ukaseme. Utapoteza kitu, ndiyo. Nenda hivyo hivyo. Yeye atakuwa ametangulia.